Sakafu Iliyoiva

Faradji alikuwa mwokaji mikate wa Kasongo, na kazi ya mikate ni kazi ya kujiibia usingizi mwenyewe. Tangu ujana wake aliamka saa ambayo hata majogoo walikuwa bado wanageukia ubavu wa pili. Alikanda, akawasha tanuru, akaoka, na mji ulipoamka kunywa chai na mkate wake wa moto, yeye alikuwa anasinzia juu ya gunia la unga huku wateja wakijirudishia chenji wenyewe, wengine kwa ukarimu mkubwa.

Kwa hiyo magoti yalipoanza kulia, na mkono wa kulia ukakataa kunyanyua beleshi la tanuru, hakutaka kitu kikubwa uzeeni. Hakutaka shamba wala mbuzi wala kuheshimiwa. Alitaka nyumba ambayo gharama yake haitamkosesha usingizi, na kitanda ndani yake, alale mchana mpaka shavu lipate alama za mkeka. Aliacha tanuru likapoa, akaleta kitanda karibu na dirisha, akajilaza.

Siku hiyohiyo Bruno akabisha hodi.

Bruno alikuwa ajenti wa kodi za nyumba, mtu mnene mwenye adabu, na kamba ya kupimia aliivaa shingoni kama fundi cherehani. Alizunguka nyumba, akapima, akapapasa ukuta, akarudi barazani.

"Muzee Faradji, nyumba yako imepanda."

"Imepanda wapi? Iko palepale."

"Imepanda darasa. Zamani ilikuwa matofali na mabati basi. Sasa iko na baraza ya simenti. Na ile dirisha iko na kioo."

"Ile kioo ni ya kabati ya Mama Chadia. Kabati ilivunjika, nikaweka kioo pa dirisha."

"Kioo haiulizwe ilitoka wapi."

"Na simenti niliweka juu ya wateja. Walikuwa wananiletea matope ndani."

"Muzuri kabisa. Ile njo maendeleo," Bruno akasema. "Na maendeleo inalipa lampo."

Lampo ndiyo kodi, neno ambalo wazee wa huku walirithi kwa Wabelgiji pamoja na barabara mbovu. Na lampo peke yake ingevumilika. Lakini tangu watu wa dhahabu wa Salamabila waanze kujenga Kasongo, ili wake zao wakae mbali na vumbi la mashimo, kila kitu cha nyumba kilikuwa kimepanda: bati, misumari, simenti, hata fundi wa kukuambia kwamba hawezi kuja leo. Mtu asiye na dhahabu alikuwa akikaa katika nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

"Uniombee, muzee," Bruno akasema akikunja kamba. "Wanitume upande wa dhahabu. Huku ninapima mabaraza tu."

Jioni ile Faradji alimwombea kwa moyo wote. Aliomba wamtume mbali, na wamtume upesi. Tuikumbuke hiyo dua, maana ilipokelewa.

Mkewe Amisa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chadia kwa jina la binti yao mkubwa, alikuwa na jibu tayari. Amisa alikuwa mwanamke wa majibu tayari, jambo ambalo lilikuwa limemchosha Faradji kuliko unga.

"Papa Chadia, tuhamie kule nyuma, ndani ya chumba cha tanuru. Hii nyumba kubwa tupangishe. Mupangaji atalipa lampo, itabakia ya mboga. Kule Bruno hata hakupima. Alisema ni jiko."

"Kule?" Faradji akasema. "Ile chumba ilikula usingizi yangu tangu sina ndevu. Mutu anatoka gereza, halafu anarudi kuomba kupanga chumba palepale pa gereza?"

"Gereza yenye ukuta muzito, haipitishe joto wala kelele."

"Nitatafuta fasi ingine. Huko vijijini hakuna lampo."

Amisa akamtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu anayenunua samaki bila kumnusa.

"Tafuta," akasema. "Ukipata fasi ya kulala, uniite. Nitakuja na sufuria zangu. Lakini sitoke hapa mpaka nisikie umelala juma muzima bila kununa."

Basi Faradji akaanza kutembea. Alianzia Nyangwe kwa binamu yake, kwenye nyumba nzuri inayotazama Lualaba, bei yake kama ya bure. Usiku wa kwanza akajua kwa nini. Wavuvi waliamka kugombania mitumbwi chini ya dirisha lake, na waliamka mapema kuliko waokaji. Faradji hakujua kama kuna watu duniani wanaoamka mapema kuliko waokaji, na habari hiyo ilimhuzunisha.

Akaenda Kabambare. Pale mwenye nyumba alimtajia bei ya haki, akamkaribisha maji ya kunywa. Faradji alipokuwa bado anakunywa, pikipiki ikapita kutoka Salamabila, dereva akapiga kelele kwamba dhahabu imepanda, na mwenye nyumba akakohoa, akataja bei nyingine. Faradji akaweka kikombe chini kabla hakijaisha. Huko Salamabila kwenyewe alifika akakuta mwenye chumba ana mizani ndogo juu ya meza, ile ya kupimia vumbi la dhahabu, na chumba kinalipwa kwa mizani hiyo. Hapo hakunywa hata maji.

Ndipo, akirudi amenuna nyuma ya pikipiki, akaambiwa habari za Pitchou wa Lusangi, aliyekuwa anauza nyumba kwa haraka.

Pitchou alikuwa mtu mwembamba mwenye tabasamu pana. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, mabati yenye kutu, nyuma kuna shamba la muhogo, na kimya kilikuwa kingi hata Faradji akasikia tumbo lake mwenyewe.

"Ajenti wa lampo anafikaka hapa?" akauliza.

"Hapa, papa? Hapa hata mvua inafika imechoka."

Wakaingia ndani. Jua la nje lilikuwa la kuchoma nywele, lakini chumbani kulikuwa na ubaridi mtamu kama wa mtungi.

"Hii baridi inatoka wapi?"

"Inatoka chini," Pitchou akasema. Lilikuwa neno la kweli, na ndilo la kweli pekee alilosema siku ile.

Sasa, mwokaji ana njia yake ya kupima. Mkate ukitoka tanuruni unaugeuza, unaugonga tumboni kwa kidole. Ukinyamaza, bado ni mbichi ndani. Ukilia kama ngoma, umeiva, uuze. Faradji alikuwa amegonga matumbo ya mikate maisha yake yote, na mkono wake uliamini mlio huo kuliko alivyoamini watu. Akainua kisigino, akagonga sakafu katikati ya chumba.

Ikalia. Ikalia mlio mzito wa kupendeza, uliokwenda mbali chini kisha ukarudi.

"Imeiva," Faradji akasema kwa heshima.

Pitchou akameza mate. "Imeiva sana, papa. Unaweza kugonga tena, lakini si kwa nguvu."

Walimalizana siku ileile. Pitchou alipokea pesa bila kuzihesabu, jambo ambalo lingemshtua mtu mwingine yeyote, lakini Faradji alikuwa tayari anawaza mahali pa kuweka kitanda. Kitanda kilifika siku ya pili, kimefungwa juu ya pikipiki miguu ikitazama mbinguni. Akakiweka palepale katikati, penye mlio mzuri zaidi, juu ya mkeka ambao Pitchou aliuacha na kumsihi asiuondoe. Akasali adhuhuri. Akalala.

Alikuwa ameanza kuona ndoto, ndoto ya kulala, wakati aliposikia mtu anakohoa. Akadhani ni yeye. Akafunga mdomo. Kikohozi kikaendelea.

"Papa," sauti ikasema kwa upole kutoka chini ya kitanda, "samahani. Sogeza kidogo ile muguu ya kitanda. Imekanyaga mulango."

Faradji alisoma aya zote alizojua, na alizojua zilikuwa chache. Kisha akasogeza kitanda, maana alikuwa amelelewa vizuri. Mkeka ukainuka. Chini yake ukainuka ubao, na chini ya ubao kikatokea kichwa chenye taa kwenye paji la uso, kimejaa udongo mpaka kwenye kope.

"Wewe ni nani?"

"Hervé. Mimi njo pedeje wa hapa."

Pedeje ndilo jina la mwenye shimo la dhahabu, awe na viatu au asiwe navyo. Huyu hakuwa navyo.

"Wa hapa wapi?"

"Hapa chini."

"Chini ya nyumba yangu?"

"Papa, tusiseme vile. Wewe njo uko juu ya paa yetu."

Faradji akakaa kitandani. Hervé akakaa ukingoni mwa shimo, akaomba maji, akaeleza kwa utaratibu kama mtu anayemfahamisha mgeni mahali pa choo. Mlango wao wa zamani ulikuwa kule kwenye muhogo, mvua ikauzika. Pitchou akawaruhusu wapitie chumbani. Sasa shimo limefika mbali, limepita jikoni, limekunja kona.

"Pitchou alikuwa muzuri," Hervé akasema. "Hakuwa anakoroma. Wewe, papa, usikasirike, unakoroma. Udongo inatuangukia."

"Nimekoroma mara moja tu."

"Njo maana ninakuambia mapema. Na tena kuna mambo ya miti. Ile miti ya chini inashika paa yetu, na ile paa njo sakafu yako. Kila mwenye kukaa juu anachanga kidogo."

Faradji akainuka kitandani. "Ile kitu inaitwa lampo."

"Sisi tunaiita miti."

Faradji alikimbia kumtafuta Pitchou. Majirani wakamwambia Pitchou ameondoka na furaha nyingi, na hakusema anakwenda wapi. Wakamtazama kwa huruma, na mmoja wao, mama mmoja aliyekuwa anamenya muhogo, akamshauri asiweke kabati zito.

Usiku ule Faradji hakulala, ila hakukata tamaa pia. Alikuwa amemkimbia mtoza kodi wa juu, asingekubali kuliwa na mtoza kodi wa chini. Kulipokucha akatafuta kamba, akaivaa shingoni, akaingia shimoni kwa magoti yake yanayolia. Akapima. Akapapasa ukuta kama alivyomwona Bruno anapapasa.

"Hii miti iko muzima?" akamwuliza Hervé.

"Muzima kabisa, papa. Haioze."

"Basi ni nyumba ya kudumu. Mulango iko wapi?"

"Si unajua. Chini ya kitanda yako."

"Mulango iko kwangu, kitanda iko kwangu, mukeka iko kwangu. Basi wewe ni mupangaji."

Hervé akajikuna. Nyuma yake wachimbaji wenzake wakaacha kugonga, wakasikiliza. Hakuna aliyewahi kuwafikiria hivyo. Mmoja wao, aliyekuwa amefukuzwa na wenye nyumba wengi, akasema kwa sauti ndogo kwamba hii ingekuwa mara ya kwanza yeye kupanga mahali pasipovuja.

Wakapatana, na mapatano yalikuwa haya: toka adhuhuri mpaka alasiri hakuna kugonga nyundo. Mwenye kutaka kutoka abishe hodi kwanza kwenye ubao. Kila Ijumaa walete nyama, iwe ya kuwinda au ya kununua. Na Faradji alalie ubavu, asikorome.

Ukiamini usiamini, alilala. Alilala Jumamosi, akalala Jumapili, ubaridi ukimpanda mgongoni kutoka kwa wapangaji wake. Juma lilipotimia akamtuma dereva wa pikipiki: "Umwambie Mama Chadia nimelala. Aje na sufuria. Umwambie tena niko na wapangaji pale chini."

Kosa lilikuwa hilo la mwisho. Kumwambia dereva wa pikipiki jambo la kujivunia ni kulitangaza mnadani. Huyo alimwambia mwenzake Kabambare, mwenzake akamwambia mwingine, na habari ilipofika mjini ilikuwa imevaa suti: Faradji wa mikate amejenga nyumba ya etaji kule Lusangi, ya juu anakaa yeye, ya chini amepangisha.

Siku Amisa alipofika, Faradji alitoka nje akitabasamu, na tabasamu likamgandia usoni. Juu ya pikipiki alikuwa dereva, nyuma ya dereva Amisa na sufuria zake, na nyuma ya Amisa, amebanwa na sufuria kubwa, Bruno na kamba shingoni.

"Muzee," Bruno akasema akishuka, "dua yako imefanya kazi. Wamenituma upande wa dhahabu."

Faradji akaangalia mbinguni kidogo.

Bruno akazunguka nyumba. Akagusa tofali, tofali likamwagika mkononi. Akaingia ndani, akatazama mabati, akaona mawingu kupitia tundu.

"Hii nyumba haina darasa hata moja," akasema kwa masikitiko. "Lakini nilisikia etaji."

"Etaji iko wapi? Tazama juu."

Bruno akatazama juu. "Juu hakuna kitu."

"Hakuna kitu kabisa. Watu wanapenda kusema sana."

"Wanapenda, ndiyo." Bruno akaanza kukunja kamba. Amisa alikuwa ameketi juu ya sufuria, ametulia, anamtazama mumewe akitokwa jasho ndani ya chumba chenye ubaridi.

Na hapo alasiri ikaingia. Chini ya kitanda, kwa adabu kubwa, mtu akabisha hodi.

Faradji akakohoa kwa nguvu. Ubao ukagongwa tena. Faradji akaanza kuimba, mtu ambaye hajawahi kuimba hata harusini kwake. Lakini Amisa ni mwanamke wa mjini, hawezi kusikia hodi akanyamaza.

"Karibu," akasema.

Kitanda kikasogea chenyewe. Kichwa cha Hervé kikatoka, kisha bega, kisha Hervé mzima, na nyuma yake wengine kwa mstari, kila mmoja akipangusa mkono kabla ya kuunyoosha: jambo mama, jambo mukubwa, jambo papa. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Hervé akatoa paja la mnyama lililofungwa majani.

"Papa, hii ni ya kupanga," akasema.

Bruno akakunjua kamba taratibu, kama mtu anayefungua zawadi.

"Chini kuna chumba?"

"Vyumba, mukubwa," Hervé akasema kwa fahari kabla Faradji hajamkanyaga. "Etaji mbili. Ile ya pili imejaa maji kidogo, lakini tukiyatoa ni fasi kubwa."

"Etaji mbili," Bruno akarudia. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Sijawahi kupima nyumba kama hii. Muzee, hongera. Darasa ya kwanza."

"Lakini ni chini!"

"Kamba haijui juu wala chini."

Amisa akainuka. Akachukua sufuria kubwa, akaiweka sakafuni kwa kishindo, akainamisha kichwa, akasikiliza mlio ulivyokwenda mbali na kurudi.

"Papa Chadia. Hii sakafu uliipima namna gani?"

"Niligonga."

"Ikasema nini?"

"Ikalia."

"Ikalia, na wewe ukasema..."

Faradji akatazama vidole vya miguu. "Nikasema imeiva."

Amisa akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, ukuta ukamwagika, akakaa kitandani, na mguu mmoja wa kitanda ukazama polepole ardhini mpaka akawa amekaa upande kama mtu aliye mtumbwini. Wachimbaji wakacheka kwa kuwa mama anacheka. Bruno akacheka huku anapima.

Faradji peke yake hakucheka. "Mimi nilitaka kulala tu," akasema.

Kicheko cha Amisa kikaisha palepale. Akamvuta akae karibu naye, kwenye upande wa kitanda ambao bado ulikuwa juu.

"Ninajua," akasema. "Nimekusikia ukiamka miaka yote, ulifikiri mimi nilikuwa nalala? Kile chumba cha tanuru nimefagia, nimepaka chokaa. Nyumba kubwa iko na mupangaji, Arlette, yule muuguzi. Amelipa mbele. Niliacha tu umalize kutembea."

Faradji alifikiri kununa, akaona amechoka hata kwa hilo. Akamgeukia Hervé.

"Utanunua paa yako?"

Hervé alishauriana na wenzake kwa muda wa kujikuna tu. Wakalipa bei ileile aliyolipa Faradji, na paja la nyama wakamwachia. Bruno akamfuata mwenye nyumba mpya kumweleza habari za darasa la kwanza.

"Mukubwa, sisi tunakaa chini," Hervé akasema. "Hapa juu hakuna mutu." Akashuka shimoni, na wenzake nyuma yake, wa mwisho akavuta ubao, na mkeka ukatulia. Bruno akabaki amesimama peke yake chumbani na kamba yake. Baadaye akagonga ubao kwa adabu. Hakuna aliyesema karibu.

Kule Kasongo, Faradji alisimama mlangoni mwa chumba cha tanuru kwa muda mrefu. Kuta zilikuwa nyeupe. Tanuru lilikuwa baridi, na Amisa alikuwa ameweka ndani yake mablanketi yaliyokunjwa. Kitanda kilikuwa pale pale lilipokuwa gunia la unga. Aliingia kama mtu anayeingia kwa mkwe. Akainua kisigino, akagonga sakafu.

Kimya. Hakuna mlio wowote, kama unga usiochachuka.

"Mbichi," Faradji akasema. Akagonga tena karibu na ukuta, na tena kwenye kona. "Mbichi kabisa, Mama Chadia. Mbichi kila fasi."

Akavua viatu. Amisa alipomletea chai baada ya alasiri alikuta anakoroma kwa nguvu zake zote, wala hakuna udongo uliomwangukia mtu. Akainama kumtazama shavu. Mkeka ulikuwa umeandika kila uzi wake.